Bajeti Iko Wapi? Ushauri kwa Kijiji Kinachopokea Mradi

Gari la mradi likiingia kijijini, kitu cha kwanza watu wanachosoma ni nembo ya mlangoni. Wakiona tone la maji, mkutanoni watasema shida yao ni maji. Wakiona mti, watasema hawana miche. Wakiona mama amebeba mtoto, basi zahanati iko mbali. Afisa mradi anauliza kwa upole, "Wananchi, mnahitaji nini?", anajibiwa kile alichokuja nacho, anaandika kwenye daftari lake kwamba jamii imeshirikishwa, na watu wanaagana kwa furaha. Hakuna aliyesema uongo. Maji ni shida kweli na miche haipo kweli. Ila shida namba moja, inayojulikana na kila mtu pale, huenda ni daraja la kuvukia kwenda sokoni, na gari lenye nembo ya daraja halijawahi kufika.

Wapo watakaoniambia mwombaji hachagui. Sikubaliani nao. Kijiji kinatoa ardhi, kinatoa nguvu kazi, kinatoa muda wa akina mama wanaoacha mashamba kuja kukaa mkutanoni, na shida zake ndizo zinazoandikwa kwenye maombi ya fedha huko Oslo au London. Mwenye kutoa vyote hivyo hajaja kuomba, na ana haki ya kuuliza maswali magumu. Haya nayaandika kwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, wajumbe wa kamati, viongozi wa vikundi, na vijana wetu walioajiriwa kwenye asasi ndogo za wilayani ambao ndio hubanwa katikati. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini msomaji wa Kenya hatapata shida kujiona humo.

Kwa maoni yangu, anayeongoza mradi ni yule anayeandika kanuni zake na kushika daftari la fedha. Kofia, fulana, warsha za siku tatu na bango la uzinduzi havimfanyi mtu kuwa kiongozi wa chochote.

Twende Babati, kaskazini mwa Tanzania. Msitu wa Duru-Haitemba ni msitu wa miombo wenye hekta zipatazo 9,000, umezungukwa na vijiji vinane, vikiwemo Riroda, Ayasanda na Gidas. Kuingia miaka ya 1990 serikali ilikuwa katika mchakato wa kuutangaza kuwa hifadhi yake, kwa fedha za msaada kutoka Uswidi. Wananchi walifanya kile ambacho mtu yeyote anayekaribia kunyang'anywa hukifanya: wakakata walichoweza kukata kabla hawajafungiwa. Walinzi wa serikali walikuwa wachache, msitu mkubwa, na kila mti ulioanguka ulikuwa na mashahidi mia wasioona kitu.

Mwaka 1994 mambo yakageuka. Badala ya kuendelea kubishana, vijiji vilipewa nafasi ya kuonyesha vitakavyoutunza msitu vyenyewe. Kila kijiji kikakaa. Wakaandika wapi pasiingiwe kabisa, wapi mifugo ipite na msimu gani, kuni kavu ziokotwe vipi, mkaa upigwe marufuku, na faini iwe kiasi gani. Wakachagua walinzi miongoni mwa vijana wao na kuwasamehe kazi za pamoja za msaragambo, kwa kuwa zamu ya msituni nayo ni kazi. Kanuni zikapelekwa halmashauri ya wilaya zikawa sheria ndogo halali. Mlinzi sasa alikuwa kijana wa nyumba ya tatu, anayemjua kila mwenye msumeno, na msitu ukaanza kufunga tena. Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuja miaka kadhaa baadaye kuupa utaratibu huo nafasi rasmi nchi nzima.

Angalia jambo moja hapo. Fedha za Uswidi zilikuwepo kabla ya 1994 na zilikuwepo baada yake. Kilichohama ni kalamu. Sisemi Duru-Haitemba ni peponi. Ugomvi wa malisho na mipaka hauishi mahali penye watu na ng'ombe. Lakini ni ugomvi unaoamuliwa na watu wanaojuana, kwa kanuni walizoziandika.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ya kwanza hufanywa kabla mgeni yeyote hajafika.

Itisheni Mkutano Mkuu wa Kijiji, mkae na vipaumbele vyenu, mvipange kwa namba. Visizidi vitatu. Orodha ya mambo kumi na saba ni sawa na kutokuwa na orodha, maana kila mfadhili atakuta lake humo. Vijiji vingi vya Tanzania vilikwisha kupitia zoezi la serikali la kupanga mipango liitwalo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na mpango uliotokana nalo umelala kwenye kabati huko wilayani. Mtendaji wa kijiji aufuate, usomwe upya kwa sauti, yaliyopitwa na wakati yafutwe. Muhtasari uandikwe vizuri: tarehe, idadi ya waliohudhuria, wanaume wangapi na wanawake wangapi, nani alipinga na kwa hoja gani, uamuzi ulipitishwa kwa kura ngapi. Ugongwe mhuri. Nakala moja ibaki ofisini kwa mtendaji, nyingine kwa mwenyekiti, nyingine kwa diwani, na moja ibandikwe ubaoni. Siku mgeni atakapouliza mnahitaji nini, mwenyekiti atampa karatasi. Nimeona sura za wageni zinavyobadilika wanapopewa karatasi ya namna hiyo. Wengine hufurahi kweli, kwa kuwa hata wao wamechoka kubahatisha. Wengine huangalia saa.

Na karatasi hiyo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye hadhi ya kisheria: inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mkutano Mkuu, ambamo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe, ndio mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Maana yake ni kwamba shirika linaweza kuingia mkataba na kijiji moja kwa moja, mezani, pande mbili. Kenya mlango ni mwingine: Katiba ya 2010 imeufanya ushiriki wa umma kuwa lazima, na kundi linaweza kujisajili kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 likawa na jina la kusaini. Asiye na usajili husainiwa na mtu mwingine.

Mkataba ukija, uje kwa Kiswahili. Hili halina mjadala. Mwenyekiti anawekewa mbele kurasa kumi na mbili za Kiingereza, anaonyeshwa mstari wa chini, anasaini mbele ya kamera. Mwaka mmoja baadaye wanakijiji wanaambiwa kwamba walikubali kulipia mafuta ya jenereta. Daini nakala ya Kiswahili, ombeni wiki mbili, isomwe kifungu kwa kifungu kwenye halmashauri ya kijiji, halafu mambo makubwa yapelekwe Mkutano Mkuu. Wekeni kifungu kinachosema kwamba pakitokea utata, nakala ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa. Shirika likisema halina fedha za kutafsiri, waulizeni fulana za uzinduzi zimegharimu kiasi gani.

Hapo tumefika kwenye fedha.

Swali la bajeti watu wengi huona haya kuliuliza, kana kwamba ni kumchungulia mgeni mfukoni. Ulizeni bila kuona haya. Mnataka bajeti nzima ya mradi, siyo ile sehemu iliyoandikwa "shughuli za kijijini" peke yake. Mtataka kuona mishahara, magari, kodi ya ofisi ya mjini, safari za wataalamu, na gharama za uendeshaji za makao makuu. Nyingine ni halali kabisa. Mhandisi hali upepo, na gari halitembei kwa maji. Lengo ni kujua uwiano. Kijiji kikijua kwamba katika kila shilingi 100 zilizoombwa kwa jina lake ni kiasi fulani tu kitakachofika, kinaweza kujadiliana: semina mbili zifutwe, fedha ziongezwe kwenye mabomba. Kwa Tanzania hoja hii ina mgongo wa kisheria, kwani kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinataka shirika lililopokea zaidi ya shilingi milioni 20 liziweke wazi kwa umma. Ombi liandikwe barua, lipite kwa mtendaji, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii. Barua isiyojibiwa nayo ni ushahidi.

Baada ya kuona fedha, shikeni sehemu yake. Kwenye ujenzi wa shule na vituo vya afya kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kujenga kwa mafundi wa kawaida bila kampuni ya ukandarasi, wananchi wengi wamekwisha zoea kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Tumieni mfumo huohuo hata kwenye mradi wa mfadhili, na kamati ninayoipenda kuliko zote ni ya mapokezi, ambayo watu huidharau kwa sababu haina safari. Kazi yake ni kusimama pale lori linaposhusha. Wajumbe wawe na mchanganuo wa gharama, ule ambao mafundi huuita BOQ, mkononi. Umeandikwa bati za geji 28? Geji huchapwa kwenye bati lenyewe, someni. Bati la geji 30 ni jembamba zaidi na bei yake ni ndogo, na kwa macho ya mbali yote yanang'aa sawa. Nondo za milimita 12 zipimwe unene, saruji ihesabiwe mfuko kwa mfuko, mchanga uhesabiwe kwa tripu na ukubwa wa lori uandikwe, maana tripu ya tani tatu na ya tani saba zote huitwa tripu. Mjumbe asisaini hati ya mzigo ambao hajauona. Mama mmoja mwenye daftari na mdomo mkali anatosha kuokoa chumba kizima cha darasa.

Kuhusu kutunza fedha, msiwaachie wageni wawafundishe jambo mnalolijua. Vikundi vya kuweka na kukopa vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu: funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, sanduku hukaa kwa mtu wa nne, na halifunguliwi ila mbele ya wanakikundi wote, fedha zikihesabiwa kwa sauti. Mpango huu ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukafika Zanzibar miaka kumi hivi baadaye, kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani. Kilichonivutia mimi ni kilichotokea baada ya CARE kuacha kuvisaidia moja kwa moja. Vikundi viliendelea kuongezeka. Wenyeji waliokwisha elewa kazi walikuwa wakianzisha vikundi vipya, na waliowalipa walikuwa wanavikundi. Kinachofanya kazi hapo ni kwamba fedha ni zao tangu shilingi ya kwanza, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuhimizwa kuja kikaoni. Mradi wowote wa mfadhili unaweza kuiga hesabu ya wazi ya namna hiyo: mapato na matumizi yasomwe kila mwezi mbele ya watu, risiti zipitishwe mkono kwa mkono, na watia saini wa benki wasiwe ndugu wala wasiwe wote wa kitongoji kimoja.

Sasa posho. Siwezi kuandika makala ya miradi nikaiacha posho, ingawa najua itanipunguzia marafiki.

Posho imeua uongozi wa wananchi kuliko ukame. Mradi unakuja na kamati yake mpya, yenye jina lake refu, na wajumbe wanasaini fomu na kuondoka na nauli. Kamati ya huduma za jamii iliyochaguliwa kihalali inabaki inatazama. Mradi wa pili unaunda kamati nyingine. Baada ya miaka mitano kijiji kina kamati tisa zenye watu walewale kumi na wanne, na hakuna inayokutana mpaka gari lionekane. Ushauri wangu: kijiji kipitishe kwamba mradi wowote utafanya kazi na kamati za halmashauri ya kijiji zilizopo, na ikilazimika kuongeza wataalamu waongezwe humo humo. Kiwango cha posho kiwe kimoja kwa miradi yote, kiandikwe ubaoni, na vikao vya kawaida vya kijiji visiwe na posho kabisa.

Lakini tusimkandamize mtu maskini kwa jina la uzalendo. Mama anayeacha kibarua cha kupalilia ili aje akae siku nzima kuhojiwa na mtafiti amepoteza chakula cha jioni, na mtafiti analipwa kwa siku hiyohiyo. Huyo afidiwe. Tofautisheni fidia ya siku iliyopotea na zawadi ya kuhudhuria.

Jambo linaloambatana na hilo ni nguvu za wananchi. Tumezoea kuchimba mitaro, kusomba mawe na kufyatua tofali bure, halafu kwenye taarifa inaandikwa kwamba mradi umegharamiwa na mfadhili fulani, na nembo yake peke yake ndiyo inayochorwa kwenye tangi. Ipigieni hesabu kazi yenu. Tuseme watu 120 wamechimba mtaro kwa siku 10, na kibarua hapo kwenu ni shilingi 7,000 kwa siku: hiyo ni shilingi 8,400,000. Ongezeni mchanga, mawe, ardhi, chakula cha mafundi. Daftari la mahudhurio litunzwe, jumla iingizwe kwenye mkataba kama mchango wa kijiji, na kijiji kitajwe kama mmoja wa wafadhili. Siombi hili kwa ajili ya sifa. Mwenye mtaji ndani ya mradi ana kauli kwenye mabadiliko ya bajeti, na mtu wa mahesabu huko mjini anaelewa lugha ya tarakimu kuliko hotuba.

Kabla ya kukubali mtambo wowote, kuna swali la kipuri: kikiharibika, kinauzwa wapi, bei gani, na nani hapa anaweza kukifunga? Wataalamu wa maji vijijini wamekuwa wakikadiria kwa muda mrefu kwamba takriban theluthi moja ya pampu za mkono Afrika kusini mwa Sahara hazifanyi kazi wakati wowote ule. Baadhi hazikufa kwa ubovu mkubwa. Zilikosa kipande cha mpira.

Kwale, pwani ya Kenya, swali hilo lilichukuliwa kwa uzito miaka ya 1980, pampu ya Afridev ilipokuwa ikifanyiwa majaribio kwenye visima vya huko. Ilisanifiwa makusudi kwa ajili ya fundi wa kijijini: inafunguliwa kwa spana moja, sehemu zinazochakaa ni za plastiki na mpira, na fimbo zake huvutwa juu kwa mikono bila kuita lori lenye winchi. Mchoro wake uliachwa huru, kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza. Upande wa watu, shirika la KWAHO lilifanya kazi na kamati za visima zenye wanawake, wengine wakifundishwa ufundi, wengine wakiwa waweka hazina. Kwenye jamii ya Kidigo ya wakati ule, mwanamke mwenye spana kisimani hakuwa jambo dogo. Lakini nani mwingine angeona haraka kwamba mpini umelegea? Anayechota maji alfajiri ndiye anayesikia mlio wa kwanza.

Kwa hiyo mkiletewa pampu ya sola au mita za malipo ya kadi, msizikatae kwa sababu ni ngeni, ila fanyeni hesabu. Betri au kibadilisha umeme kikifa, bei yake ni ndoo ngapi za maji? Bei ya ndoo ipangwe kwa kuingiza gharama hiyo tangu siku ya kwanza, na fedha ya akiba ikae akaunti yake. Tanzania vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji vinatambuliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ndiyo inayovisimamia. Mfadhili akiunda chombo chake pembeni, mwelekezeni huko, vinginevyo atakapoondoka mtabaki na chombo kisicho na baba.

Na kuna wakati jibu sahihi ni hapana. Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki kilichogharimu mamilioni ya dola, kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waturkana wengi ni wafugaji. Kugandisha samaki kwenye joto lile kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, vyote adimu na ghali mahali pale. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu kikasimama, kisha maji ya ghuba ambako wavuvi walikuwa wakivua yakarudi nyuma. Mzee yeyote wa pale angewaambia wahandisi kuhusu tabia ya ghuba ile, kama kungekuwa na kikao ambacho hapana ya mzee ina nguvu. Kukataa si lazima kuwe ugomvi. Semeni: tunashukuru, kipaumbele chetu cha kwanza ni hiki, cha pili ni hiki, kama mradi wenu hauwezi kuingia hapo, tunaomba mje mwakani. Andikeni kwenye muhtasari. Diwani atakasirika, pengine na mkurugenzi wa wilaya, kwa sababu mradi uliokataliwa ni takwimu iliyopotea. Ndipo ile karatasi yenye mhuri wa Mkutano Mkuu inapomlinda mwenyekiti.

Lakini tunaposema jamii, tunamsema nani? Nimekwisha taja Mkutano Mkuu mara nyingi, na ninajua Mkutano Mkuu ulivyo. Wazee wa kiume kwenye viti mbele, wanawake nyuma wamekaa chini, wafugaji wako malishoni, vijana wameenda mnadani, na mwenye duka kubwa anasema kwa niaba ya wote. Uamuzi wa hapo huitwa wa wananchi. Mradi wa mfadhili ukikabidhiwa kwa kikundi hicho kidogo, tumebadilisha bosi tu, na huyu wa sasa hakaguliwi na mtu. Yapo mambo madogo yanayosaidia. Mkutano uitishwe saa ambayo wanawake wamemaliza maji na kuni, tena nje ya siku ya mnada. Kabla ya mkutano, kila kitongoji kikae peke yake, na wanawake wakae peke yao wachague msemaji. Kwenye kupanga vipaumbele msipige kura ya kunyoosha mikono mbele ya mwenye duka anayewadai nusu ya waliohudhuria. Wekeni makopo matatu nyuma ya darasa, kila mtu aingie na punje moja ya hindi. Matokeo hushangaza. Na kwenye kamati za fedha, wenye ulemavu, wajane na watu wa vitongoji vya mbali wawemo tangu uchaguzi, wasiongezwe mwishoni kwa ajili ya picha.

Kwa ndugu zangu wa asasi ndogo za wilayani, maneno mawili. Ninyi ndio mnaoandika maandiko ya miradi saa nane usiku kwa sababu tarehe ya mwisho ni kesho, na ndio mnaopewa mkataba mdogo chini ya shirika kubwa: kazi yote ni yenu, gharama za uendeshaji ni zao. Jifunzeni kuzidai. Kodi ya ofisi, mhasibu, mkaguzi wa hesabu na umeme ni gharama halisi, ziandikeni. Wakubwa wamekwisha ahidi wenyewe: mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa ya misaada ya dharura walitia saini makubaliano kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha iende kwa watendaji wa ndani ya nchi moja kwa moja iwezekanavyo. Mwaka ulifika, lengo halikufikiwa. Mwaka 2021 USAID, shirika la misaada la Marekani, nalo likatangaza lengo la robo. Itajeni ahadi ya Istanbul kwenye barua zenu, kwa adabu. Na ninyi pia mfanye kwa vijiji kile mnachotaka mfanyiwe. Nimekutana na asasi zinazolalamika kufichwa bajeti na mashirika ya nje huku nazo zikiwaficha wanakijiji bajeti hiyohiyo.

Mwisho wa mradi upangwe mwanzoni. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa amri aliyoitia saini siku hiyo, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ilikuwa imefungwa. Wahudumu wa afya waliolipwa na miradi ya UKIMWI Kenya na Tanzania walisimamishwa kazi ghafla. Hakukuwa na kosa la mtu yeyote kijijini. Kijiji hakiwezi kuzuia amri ya Washington, ila kinaweza kuamua mapema kitakachobaki mkononi mwake fedha zikikatika.

Pikipiki ya mradi: kadi imeandikwa jina la nani? Ikiwa ni jina la shirika, siku ya kufunga itapakiwa kwenye lori. Rejesta za wagonjwa, orodha ya kaya, ramani za mabomba: nakala ziko ofisi ya kijiji, au zote ziko kwenye kompyuta ya mjini? Funguo za tangi ziko kwa nani? Na ardhi. Kisima kinachimbwa kwenye shamba la mzee mkarimu aliyesema kwa mdomo, "chimbeni tu". Mzee anafariki, warithi wanazungushia uzio. Kabla mtambo wa kuchimbia haujashushwa, mwenye shamba, mwenzi wake na watoto wake wakubwa wasaini hati ya kukiachia kijiji kipande hicho, majirani wa mipaka yote minne wakiwa mashahidi, halmashauri ya kijiji ipitishe, na vipimo viandikwe. Orodha ya mali yote itakayobaki, pamoja na jina la mmiliki wa kila kitu, isomwe na kubandikwa ubaoni siku ya uzinduzi, wageni wakiwa bado wamekaa kwenye viti vyao.